Maua Meupe ya Msibani

Siku mume wa Fundi alipozikwa, maua yalikuwa mengi hata watu wakakosa pa kukanyaga sebuleni. Marehemu alikuwa fundi umeme, mtu wa kupanda nguzo, na mauti yalimkuta kazini, kwenye waya alioambiwa umezimwa kumbe haujazimwa. Wenzake walikosa la kumwambia mama yake wala mkewe, basi wakaja na mashada. Kulikuwa na waridi, kulikuwa na maua marefu ya manjano, na katikati ya hayo yote vilichomekwa vimaua vyeupe vidogo vidogo, kama povu la sabuni, vile ambavyo wauza maua hutumia ili shada lionekane limeshiba. Jeneza lilifunikwa navyo mpaka mbao zisionekane.

Matanga yalipokwisha, wanawake wa mtaani walifagia nyumba, wakakusanya maua yaliyonyauka, wakayatupa nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Kisha kila mtu akarudi kwake. Ndani walibaki wawili: Fundi, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu ya cherehani yake, na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkunga.

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini jina halikustaafu naye. Nusu ya watu wa mtaa ule walianza kwa kulia mikononi mwake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru, na hata mzee mwenye mvi akipita mlangoni pake alisimama kusalimia kwa adabu, maana alijua mwanamke yule alimwona mama yake akiwa katika hali ambayo si ya kusimuliwa. Marehemu alikuwa mwanawe wa pekee. Watu walitarajia kwamba baada ya mazishi Fundi angefunga virago na kurudi kwao, kwani hakujaliwa mtoto, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Hakuulizwa na mtu kwa nini, na yeye mwenyewe hakuwahi kukaa chini akaliamua jambo hilo. Asubuhi ilikuwa ikifika, cherehani ilikuwa pale, mama mkwe alikuwa pale, anahitaji chai.

Ila habari za marehemu hawakuzigusa. Kila mmoja alimhofia mwenzake. Walizungumza juu ya bei ya vitambaa, bomba linalovuja na mbuzi wa jirani, na jina la marehemu likikaribia kutajwa, mmoja wao aliinuka kwenda kutazama jiko.

Mvua zilipoanza, waridi zilikuwa zimekwisha oza zamani. Lakini pale karibu na tangi kukachomoza miche yenye majani yaliyochanikachanika kama ya karoti, imelala chini kwa mviringo, imeng'ang'ania udongo. Baada ya muda mfupi ikainuka, ikatoa matawi, na juu ya matawi vikaja vile vimaua vyeupe.

Mkunga ndiye aliyeviona kwanza. Fundi alikuwa akipiga pasi aliposikia anaitwa kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu msibani. Alitoka mbio, akamkuta mama mkwe amechuchumaa, kiganja kimekaa juu ya maua kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ndiyo yale," Mkunga alisema. "Yaliyokuwa juu yake. Yamekuja yenyewe."

Fundi aliyatazama na hakusikia chochote moyoni. Lakini alipouona uso wa mama mkwe, alikwenda kuchota maji akayamwagilia.

Kuanzia hapo maua yakawa shughuli ya Mkunga. Aliyazungushia mawe. Kila asubuhi alibeba kiti chake cha kamba akakaa karibu nayo, akaongea nayo chini chini, na Fundi akiwa kwenye cherehani alisikia mnong'ono ule bila kusikia maneno. Aliyekuja kumpa pole hakuondoka mikono mitupu. Alikatiwa fungu la maua meupe, akaambiwa ayapande kwake, hayana usumbufu, yanaota popote. Na hapo hakuwa anatia chumvi. Msimu wa pili yalikwisha vuka mawe. Yalikuwa yamefika kiunoni, yamejaa uani kutoka tangini hadi ukutani, na pale Fundi alipokuwa akilima mchicha palibaki vijiti vilivyodumaa. Ukiona jani la mchicha lilikuwa la manjano, limejikunja kama limeungua.

Ulikuwa msimu huo huo ambapo ngozi ya Mkunga ilianza kumtesa. Mikono iliwasha kwanza, kisha shingo, kisha kope za macho zikavimba. Alijikuna mpaka damu. Baadaye kikaja kikohozi, kikavu, chenye kufuatiwa na mluzi mwembamba kifuani. Zahanati walimpa mafuta ya kupaka na dawa ya maji, na zikiisha walimpa nyingine. Mkunga alisema ni uzee, na mtu aliyezalisha watu maisha yake yote haambiwi habari ya mwili na mtu anayeshona.

Fundi alinyamaza, ila macho hayakunyamaza. Mama mkwe alipokwenda kukaa kwa dada yake kwa muda, alirudi na ngozi laini na kifua kimetulia, akicheka kwamba maji ya kule ni mazuri. Wiki haikwisha kabla hajaanza kujikuna tena. Kule kwa dada yake kulikuwa na vumbi zaidi na moshi zaidi. Fundi alifikiri, akafikiri tena. Kitu ambacho kule hakikuwepo na hapa kilikuwepo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimesimama uani kikichanua.

Neno la pili likatoka kwa jirani. Nyumba iliyopakana nao ilikuwa ya Mama Pacha, mwanamke mchangamfu aliyefuga mbuzi wa maziwa na kulea mapacha wake, wa kike na wa kiume, ambao Mkunga ndiye aliyewapokea duniani siku mvua iliponyesha mpaka gari lisiweze kupita. Mama Pacha alikuja na kikombe cha maziwa, akamwomba Fundi aonje. Fundi alionja akakunja uso. Yalikuwa machungu kama shubiri. Wateja walikuwa wanamrudishia. Alikuwa amebadilisha malisho, amebadilisha ndoo, mpaka alipowafuata mbuzi mchana mmoja akawakuta ukutani, shingo zimenyooka, wanatafuna maua meupe yaliyokwisha ingia upande wake. Alikuja kuomba yakatwe. Alimwomba Fundi kwa sababu Mkunga alikwisha mjibu kwamba mbuzi wake wana midomo mirefu, awafunge.

Fundi aliona amebanwa. Kesho yake alijifunga kitambaa mikononi, akang'oa mche mmoja nyuma ya bafu ambako hautaonekana, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akaupeleka ofisi ya kilimo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni mbovu na mabango ya magonjwa ya mahindi ukutani. Bibi shamba alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira. Fundi alipoanza kufungua mfuko, alinyoosha mkono haraka kumzuia, akamwomba aufunge tena, akautazama kwa nje ya nailoni.

"Hili ni gugu karoti," alisema. "Umelitoa wapi?"

Fundi alimweleza yote, hata ya jeneza. Bibi shamba hakucheka. Alisema si ajabu. Watu wengi huliona ni zuri, na wapo wanaolichuma porini wakaliuza pamoja na waridi bila kujua ni nini. Mmea huo si wa huku, alisema, umekuja kutoka mbali, na huku hauna mdudu wala ugonjwa wa kuupunguza. Mche mmoja unaangusha mbegu maelfu, mbegu zinakaa ardhini miaka zikisubiri mvua, na mizizi inatoa sumu inayozuia mimea mingine kukua. Chavua yake ndiyo inayowawasha watu ngozi na kuwabana kifua. Si kila mtu. Ila anayekaa nayo karibu kwa muda mrefu, akishaanza, kila siku inakuwa mbaya kuliko jana.

"Huyo mama mkwe wako anakaa nayo karibu?"

"Ndipo anapokaa kutwa," Fundi alisema.

Bibi shamba alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Mkunga alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia kwamba amemwelewa sana, na kwamba amesoma vizuri na wazazi wake wajivunie, na kwamba maua yale hayatang'olewa. Binti alipojaribu kuongeza neno, Mkunga alisimama, na akisimama yeye mazungumzo yalikuwa yamefungwa. Baada ya mgeni kuondoka alimgeukia mkwewe. Hakupaza sauti.

"Wewe ndiye uliyemleta."

"Ndiyo, Mama. Unaumwa."

"Nimeumwa tangu siku ile, Fundi. Hayo maua hayakuniongezea kitu." Alikohoa, mluzi ukasikika, akangoja upite. "Ukitaka kuyang'oa, anza na mimi."

Walikaa hivyo, kila mmoja na lake rohoni. Fundi angeweza kuyang'oa Mkunga akiwa zahanati. Alipima jambo hilo mara nyingi, akiwa ameshika mkasi, kitambaa kimelala mezani bila kukatwa. Lakini alimwona akilini mama yule akirudi, akisimama mlangoni, akiona uani patupu, na akaurudisha mkasi mezani. Mumewe aliondoka asubuhi bila kuaga vizuri. Akarudi kwenye jeneza. Mtu mmoja hanyang'anywi ghafla mara mbili katika nyumba moja. Basi alifanya alichoweza. Alihamisha kitanda cha Mkunga kwenye chumba cha mbele, alifunga madirisha ya nyuma, alifua mashuka kila mara, na Mama Pacha akawa hamsemeshi.

Ndipo yakatokea ya mapacha.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Fundi alikuwa akipinda suruali ya mteja aliposikia mtu anapiga kelele nje, na kabla hajainuka, Mama Pacha akaingia bila hodi, amembeba binti yake. Uhasama wote ulikuwa umemtoka. Miguu yake ilimleta pale ilipozoea kumleta kukiwa na jambo. Mtoto alikuwa amevimba uso, macho yamekuwa mistari miwili, mabega yanapanda na kushuka kwa kutafuta pumzi. Kichwani alikuwa bado amevaa taji. Watoto walikuwa wamecheza harusi, na bibi harusi alikuwa amesukiwa taji la maua meupe.

Mkunga alimpokea kama alivyopokea watoto maisha yake yote, pasipo haraka na pasipo kuchelewa. Alimkalisha wima mapajani, mgongo ukiegemea kifua chake, akamfungua vifungo vya gauni. Alimvua taji akampa Fundi. Chini yake, kuzunguka paji la uso lote, ngozi ilikuwa imeinuka, nyekundu, imefuata duara la maua bila kukosea hata mahali pamoja. Mkunga aliitazama alama ile. Kisha akainamisha sikio mgongoni mwa mtoto, na Fundi aliyesimama mbele yao akaona uso wake ukibadilika. Ulikuwa mluzi. Mluzi ule ule mwembamba ambao yeye alilala nao kila siku na kuuita uzee.

"Maji," alisema. "Mengi, na sabuni. Na mtu akatafute gari sasa hivi."

Walimwosha mtoto uso na mikono huku gari likitafutwa. Mkunga alilipanda, mtoto mapajani, akimhesabia pumzi masikioni kwa sauti ya chini, polepole, mpaka hospitali. Huko alipewa hewa na sindano. Daktari alisema wamewahi. Jioni uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na binti alikuwa akiuliza taji lake liko wapi.

Mkunga alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kulala. Hakula. Asubuhi Fundi alimkuta ameketi jikoni, kanga imefungwa kichwani, mikono yenye vidonda imelala juu ya meza.

"Yule binti wa kilimo," Mkunga alisema, "alisema yanang'olewaje?"

Fundi alimweleza jinsi alivyoelezwa. Yasishikwe kwa mkono mtupu. Ya kwanza kuondolewa ni yale yaliyokwisha chanua, tena yafungiwe gunia pale pale yalipo, maana ukiyabeba ovyo ni kama umetembea ukipanda mbegu. Yang'olewe ardhi ikiwa na unyevu, na mizizi yake yote, kwa sababu yakikatwa tu yanachipua upya. Yachomwe shimoni. Na ardhi isiachwe wazi, ipandwe majani ya kuifunika, la sivyo gugu litarudi kukaa kwenye kiti chake.

"Na mimi?"

"Wewe usisogee kabisa, Mama. Alisema hivyo hata kabla hajakuona."

Mkunga alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaomba aletewe viatu vyake vya kutokea.

Siku ile na siku zilizofuata, alipita nyumba hadi nyumba. Kila aliyepewa fungu la maua alimkumbuka, kwa kuwa alikuwa na kumbukumbu ya mtu aliyezoea kukumbuka nani alizaliwa lini na kwa uzito gani. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema kwamba maua aliyowapa ni gugu, linaumiza watoto, yeye hakujua, na sasa anaomba litoke. Wengine walimwonea huruma wakang'oa siku hiyo hiyo. Wengine walisema bado wanayapenda. Bwana mmoja mwenye duka, mwenye tumbo la kutangulia, alimwambia kwamba hawezi kupangiwa cha kupanda kwenye kiwanja chake. Mkunga alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia kwamba alipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa ametanguliza makalio, akamsumbua mama yake tangu alfajiri hadi adhuhuri, na anaona hajabadilika. Wateja walicheka mpaka wakashikilia kaunta. Kabla ya jioni bwana yule alikuwa ameinama uani kwake, amevaa glavu za mkewe.

Nyumbani, kazi aliifanya Fundi, na Mama Pacha akamsaidia. Walikuja wanawake wengine pia. Waliamka mvua ikiwa imeinyeshea ardhi, wakavaa mikono mirefu, wakafunga pua kwa vitambaa ambavyo Fundi alivishona maalumu, wakaingia uani kwa mstari. Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Mashina yaliyokomaa yalikuwa magumu kama kuni, na mengine yalikatika yakiacha mzizi ndani, ikabidi kuchimba kwa sululu. Waliongea kidogo kwa sababu ya vitambaa. Magunia yalijaa, yakafungwa, yakaburutwa shimoni. Kila walipotazama nyuma waliona udongo mweusi uliokuwa haujaonekana kwa muda mrefu, na hapa na pale wakaona vitu vilivyopotea humo: kijiko, bakuli la mbuzi, kiatu cha pacha wa kiume.

Wakafika tangini. Pale palikuwa na mawe ya Mkunga, na ndani ya mawe mashina ya kwanza kabisa, manene, yamepinda kwa uzito wa maua. Mama Pacha alinyoosha mkono, kisha akaurudisha, akamtazama Fundi. Bila kuambiana, wanawake waliondoka mmoja mmoja kwenda kunawa.

Fundi alipogeuka, alimwona mama mkwe amesimama kwenye mlango wa nyuma, kanga ameiziba puani. Alitaka kumwambia arudi ndani. Mkunga aliinua kiganja.

"Sisogei," alisema. "Endelea wewe."

Fundi aliinama akashika shina la kwanza chini kabisa, karibu na udongo. Alivuta. Halikutoka. Alitanua miguu, akavuta tena kwa mwili wote, na shina likaachia ghafla likamwangusha akakaa chini kwenye matope, mzizi mrefu mikononi. Na pale pale alipokaa, kilio kikamjia. Hakukuwa na dalili yoyote kabla. Kilimtoka kama tapishi, kwa nguvu, na kitambaa cha puani kikalowa. Tangu msiba alikuwa amewahudumia waombolezaji, amepika, ametandika, amewabembeleza wengine, watu wakasema mke wa marehemu amejikaza. Hakujikaza. Hakuwa amepata nafasi tu.

Mkunga hakuja, kwa kuwa aliahidi kutosogea. Alingoja pale mlangoni mpaka kilio kikapungua. Kisha akasema, kutoka kule alikokuwa:

"Mimi sikumwona."

Fundi aliinua uso.

"Shemeji zangu walikataza jeneza lisifunguliwe. Walisema mama hawezi kuona vile. Mimi niliyeona kila kitu duniani." Sauti ya kuamuru ilikuwa imemwisha. "Nilichoona ni maua tu. Nikifumba macho, mwanangu hana uso, ni maua meupe. Ndiyo maana yalipoota..." Hakumalizia. "Wewe ndiye uliyekwenda kumtambua kule hospitali. Alikuwaje?"

Fundi alikuwa hajamwambia mtu. Waliomsindikiza walibaki nje ya mlango, na aliporudi waliona uso wake wakaacha kuuliza. Alikuwa amekiweka chumba kile, na baridi yake, mahali ambapo hata yeye hakupitapita. Alivuta kitambaa kikashuka kidevuni. Alifikiri kama aseme uongo mzuri. Kisha akakumbuka ni nani anayemuuliza.

"Mikono ilikuwa imeungua, Mama," alisema. "Yote miwili. Wa kulia zaidi. Na kifua hapa, kidogo."

"Uso?"

"Uso ulikuwa wake. Haukuguswa. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala kwenye kiti na redio inaongea."

"Macho?"

"Yamefumba. Sikuyafumba mimi, nilimkuta hivyo."

Mkunga alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Alikuwa amenyoa?"

"Asubuhi ile alinyoa. Alijikata hapa, chini ya sikio. Nilimcheka. Na pale kitandani nilikiona kile kidonda, ndicho kilichonifanya nijue ni yeye kweli, maana nilikuwa bado najidanganya. Nilimfuta vumbi kwa ncha ya kanga yangu. Nikamwambia Mama atakuja. Nilidhani watakuruhusu."

Mama mkwe alishuka taratibu akakaa kwenye kizingiti. Alilia bila sauti, uso umetazama mbele, na Fundi alibaki kwenye matope, umbali wa ua mzima katikati yao, kwa sababu nguo zake zilikuwa zimejaa chavua na hangeweza kumkumbatia. Walilia hivyo, kila mmoja mahali pake, wakitazamana. Kisha Fundi aliinuka, akang'oa mashina yaliyobaki, akayafunga kwenye gunia. Alioga kwa sabuni mara mbili, akabadilisha nguo zote, na hapo ndipo alipokwenda kukaa naye kizingitini. Mkunga alimlaza kichwa mapajani mwake kama binti aliyemzaa.

Shimo lilichomwa kesho yake, upepo ukielekea upande usio na nyumba.

Ngozi ya Mkunga ilipona, ikaacha madoa meusi mikononi. Kifua hakikupona chote. Daktari alisema mwili ukishajifunza kukataa kitu kile hausahau, na akampa dawa ya kuvuta ambayo alipaswa kutembea nayo daima. Maziwa ya mbuzi yalirudi kuwa maziwa. Ofisi ya kilimo ilileta vipando vya majani ya malisho, yanayotambaa, wakayapanda uani kote hadi ukutani, na bwana wa duka naye akaja kuomba ya kwake akijifanya ametumwa na mkewe.

Mvua zilizofuata ziliponyesha, Fundi alitoka asubuhi akakuta kwenye nafasi zilizobaki wazi kati ya majani kumejaa vile vimche vyenye majani ya karoti, vingi kama vimemwagwa kwa ndoo. Alidhani kazi yao yote imepotea. Bibi shamba alipofika alimwambia hapana, ndivyo inavyokuwa, hizo ni mbegu za zamani zinaamka, na zitaamka tena mwakani na mwaka wa kufuata. Kila zinapong'olewa kabla ya kuchanua, zinapungua. Hakumwambia zitakwisha lini, kwa kuwa hakujua.

Basi ikawa ni kazi ya kila mvua. Vikiwa vichanga havina chavua, na vilitoka kwa urahisi, kwa vidole viwili vya glavu. Mkunga alikaa chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi, na kwa kuwa hakuweza kusaidia kwa mikono alisaidia kwa mdomo. Alisimulia. Alisimulia jinsi marehemu alivyozaliwa, Mkunga mwenyewe akiwaelekeza wakunga wenzake waliomzalisha mpaka wakamwomba anyamaze. Alisimulia jinsi mwanawe alivyoifungua redio ya baba yake akiwa mdogo, akashindwa kuirudishia, akaificha ndani ya gunia la mahindi. Alisimulia alivyokuja kumwambia kwamba ameona msichana anayeshona, kisha akakaa muda mrefu bila kupata neno la kuongeza.

"Alikwambia nini kuhusu mimi?" Fundi aliuliza kutoka uani, mgongo umeinama.

"Alisema una mkono mwepesi na hasira za karibu."

"Uongo huo."

"Mkono ni kweli," Mkunga alisema.

Fundi alicheka peke yake pale chini, akahamisha ndoo hatua moja mbele, akaendelea kung'oa.